Kava ya Mlango

Tangu Gede inagonga,
kava ya mlango wa abiria,
tak, tak-tak, kila tuta,
na Chengo wa gereji pale Barani anasema
klipu za Datsun hii
ziliadimika yeye hajaota ndevu.

Basi nimekaa uani, Maweni,
na bisibisi ya cherehani yangu,
naibandua polepole kama kigaga cha kidonda.
Plastiki kuukuu haina subira:
ukiivuta kwa hasira, inakupa nusu.

Ndani: mchanga, njiti mbili za kiberiti,
kifungo cha sare ya shule, changu,
kile nilichochapiwa.
Na pale ilipokatika klipu ya kwanza
karatasi imekunjwa mara sita,
imekuwa nyeusi, ngumu kama kucha.
Kumbe baba alijua.
Aliizima kelele hii miaka yote
kwa risiti ya petroli,
asimwambie mtu.

Sikuirudisha. Imelala bapa, kazi imeishinda.
Nimechukua ndara yake ya kushoto
(ya kulia ilipotea siku ya maziko,
viatu vya watu vilijaa barazani),
nikaikata soli kwa wembe, vipande vinne,
nikavishindilia kwenye matundu,
nikapiga ngumi moja.
Ikashika.

Nimekwenda hadi Ngala na kurudi.
Kimya.
Tuta la msikitini, kimya.
Tuta la pili, lile baya,
ndipo niliposikia
kiti cha nyuma nacho
kina lake la kusema.