Vumbi la Akiki

Miezi tisa baba anasaga jiwe moja,
akiki ya Khambhat, kimo cha ngumi:
Mshindi wa nafsi, magoti kakunja,
kiganja juu ya kiganja, hataki kitu.
Nemchand wa hekaluni huja kukagua,
kitambaa kimemziba mdomo
asije akameza hata usubi.

Baba hana kitambaa.
Akikohoa hukinga mkono, kisha hutazama
wekundu ule ni wa jiwe
au ni wake.

Macho huachwa mwisho.
Jana kaniita: "Jashoda, shika kekee,
mimi natetemeka."
Nimeyachonga nusu wazi, nusu yamefumba,
kama ya mtu aliyeacha kila kitu
ila bado anasikiliza
kikohozi cha chumba cha pili.