Kuchuma Chuma

Bohdan aliniwekea michoro mezani saa mbili asubuhi,
kurasa kumi na nne zinazonuka kahawa yake,
akasema: banda la chumvi, manispaa inataka bei Ijumaa.
Chumvi ya barabarani, ile wanayoimwaga Hamilton nzima
theluji ikianguka, ile inayokula viatu vyangu
na milango ya gari lake.

Programu yetu ni ya bei ya chini.
Zile kubwa, za makampuni yenye majengo ya vioo,
ukibonyeza kitufe zinakutapikia orodha yote,
kila bolti na jina la ukoo wake.
Yetu huchora mistari, basi. Orodha najitungia:
kila aina ya chuma tabaka lake, kila tabaka rangi yake,
kisha natoa urefu, naupeleka kwenye jedwali,
nazidisha kwa kilo za kila mita.
Zambarau ni nguzo. Kijani, boriti.
Njano ni vile vipande vyembamba vya kukaza
ambavyo kila mtu huvisahau
mpaka upepo uje.

Kwa lugha yangu kazi hii inajirudia mdomoni:
nachuma chuma.
Nakichuma kwenye karatasi kimoja kimoja
kama mtu achumaye kunde
akiogopa kutia ganda tupu kikapuni.
Nilijaribu kumweleza Bohdan. Akasema kwa Kiukreni cha bibi yake
hakuna mchezo wa namna hiyo,
akarudi kwenye simu.

Alhamisi usiku, jumla: tani kumi na sita na nusu.
Akaisoma amesimama, koti tayari mwilini.
Banda la mwaka juzi, akasema, pacha wa hili,
lilikuwa tani kumi na tano na kidogo.
Hakujua kwamba kwetu namba kama yangu
huambiwa imetiwa chumvi.
Nilicheka peke yangu,
kisha nikaacha, maana alikuwa sahihi.

Akaenda zake. Nikachapa kila ukurasa,
nikachukua penseli nyekundu, nikahesabu kwa kidole
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Fremu kwenye karatasi: nane.
Fremu kwenye jedwali: tisa.
Kwenye kioo cha kompyuta, nikageuza banda huku na huku,
nikaliangalia kwa juu, kwa chini, kwa ubavu:
nane.

Mali bila daftari huisha bila habari, sawa,
lakini hakuna aliyenionya
kwamba daftari nalo laweza kuzaa mali ya uongo.

Saa sita kasoro nikaishika fremu ya tano, nikaivuta pembeni.
Chini yake ilibaki fremu ya tano.
Pale pale, kimo kile kile, zambarau ile ile,
nguzo ndani ya nguzo, na jicho halioni ila moja.
Nguzo mbili, boriti mbili za paa, mabamba na bolti zake:
kilo elfu moja mia tatu na nne
za chuma kisichokuwapo.

Nikakumbuka. Jumanne, Salha alipiga simu kutoka Korogwe,
ada ya mtoto, mhula unafungua,
nami nikasema ndiyo mara mbili,
moja kwake, moja kwa mashine.

Nikaifuta. Jedwali likashuka
kama mizani iliyoondolewa kidole cha muuzaji.

Zabuni tuliipata
kwa tofauti ndogo kuliko mshahara wangu wa mwezi.

Novemba nilipanda basi kwenda kuliona.
Fundi wa kreni alidhani nimepotea.
Nikazihesabu kutoka mlangoni: moja, mbili, tatu, nne,
nikafika kwenye ile, namba yake imegongwa kwenye bamba la chini,
F5, zinki bado inang'aa, baridi yake inapenya glavu.

Nikaweka kiganja.
Halafu, fundi akiwa ametazama kwingine,
nikainama kidogo, nikachungulia nyuma yake.