Mgongo wa Namba Tano

Uso wako siukumbuki vizuri, Ettore.
Mimi kipa. Nilichosoma misimu miwili ni mgongo:
namba tano ya plasta nyeusi juu ya fulana ya njano,
mkia wake umebanduka, unapepea
kama ulimi wa mbuzi.

Ulikuja Tegeta na baba yako, fundi wa tanuri la saruji,
una miaka kumi na sita, shingo nyekundu,
na njumu ambazo Kocha Pazi alizigeuzageuza
kama mtu anayekagua samaki mnadani,
kisha akasema: "Hizi za majani. Hapa tuna mchanga."

Mechi ya kwanza, Bunju, mchanga ukala hatua yako.
Chogo, winga wao, alikupita, ukakaa chini.
Akakupita tena, ukakaa chini.
Mara ya tatu watu walishaanza kuhesabu kwa sauti,
na Mama Zamoyoni, mwenye karai la mihogo nyuma ya goli langu,
akauliza kama huyu mzungu kaja kucheza au kuswali.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi ulikuja peke yako,
peku. Nilikuwa nafagia goli.
Nikakwambia: mchanga ni mdai, hudai hatua moja;
mlipe mapema, ondoka kabla ya mpira.
Hukuelewa neno hata moja. Ulielewa mkono wangu.
Tukafanya hivyo siku thelathini na kitu,
vumbi la kiwanda likitushukia jeupe
hadi rangi zetu zikakaribiana.

Kiswahili ulikiokota ndani ya kumi na nane:
Toka. Muache. Wangu. Panda.
Nyuma, nyuma, nyuma!
Amri tupu, salamu hakuna.
Dukani ulimwambia Bi Mwanahawa "Panda!"
ukitaka sabuni ya rafu ya juu,
naye akapanda, akacheka mpaka akakupunguzia mia.

Chogo alirudi mzunguko wa pili.
Nilikiona kisigino chako kikiondoka
kabla yeye mwenyewe hajajua anakwenda wapi.
Sina la kuongeza. Hakupita.

Lakini ninayoihesabu mimi ni ile nusu fainali tuliyofungwa.
Ulinirudishia mpira mfupi, wakauwahi, nyavu.
Sisi tulizoea: goli likiingia vidole vinatembea,
vinaoneshana, mwisho lawama inafika kwa kipa
na inalala hapo hapo, kwake.
Wewe ukainua mkono.
Ukauacha juu muda mrefu
hadi mwamuzi akadhani unaomba kutolewa.
Sijui huko kwenu ni desturi au ni wewe tu.
Sikuuliza. Ila usiku ule nililala.

Mkataba wa baba yako ukaisha mwezi wa Ramadhani.
Tukasikia umepata timu, daraja la nne, mji wa ukungu.
Tukasikia benchi. Miezi saba, benchi.
Mtaani wakasema, si mnaona, alikuwa wa mchangani tu,
nami nikanyamaza, maana hata sisi ni wa mchangani tu.

Juzi mpwa wangu akaniletea simu.
Dakika ya themanini na moja, unaingia.
Watazamaji labda sitini, wamejifunika mablanketi.
Namba tano yako imechapwa, haibanduki.
Kona inapigwa, kelele za kwenu, siambulii kitu,
mara, katikati ya miili ile yote inayoruka:
"Wangu!"
Na kipa wenu, jitu refu lenye glavu za kijani,
akarudi mstarini bila kusita,
kama mtu aliyekwishalizoea neno hilo.

Nikairudia, nikairudia, bando likaisha.

Siku hizi mbele yangu kuna mtoto wa Salasala,
Kibwana, mbishi, mwepesi, anapenda kukaa chini.
Nilimwambia aje saa kumi na mbili, peku.
Sasa inakwenda saa moja.
Nafagia goli.