Nusu ya Chini

Saa tatu usiku, Iloilo. Nanay Remedios awasha runinga.
Mwanamke akatika kiunoni, nusu yapaa:
waya waonekana, bawa moja limeshonwa kombo,
na miguu iliyobaki migombani
jana ilivaa ndara, leo raba.

"Upuuzi mtupu," asema, akisogeza kiti.
Mkwewe Efren acheka mpaka wali wampalia.

Ila ikifika pale
miguu inaposimama gizani, peke yake,
ikingoja kiwiliwili kirudi kabla ya alfajiri,
na wanakijiji wakinyata na chumvi
waimwagie, isiungike tena,
hakuna anayetafuna.

Luzviminda yuko Riyadhi, mwaka wa nne.

Tangazo la sabuni.
Nanay ainuka, achukua kopo la chumvi mezani,
alifungia kabatini,
ufunguo autia kifuani.