Kuchimba Ubaridi

Kazi yangu ni ya usiku, wodi ya watoto, kilimani.
Nakabidhi zamu jua nalo likikabidhiwa jiji,
nashuka Bwiru na deni la usingizi
ambalo bati halinipi nafasi ya kulilipa.
Saa tano asubuhi chumba kinatokota kama sufuria ya makande,
feni inakoroga joto lilelile,
luku inalia ukutani kama mtoto wa kitanda namba saba.

Ndiyo maana nyumba yetu ya Kiseke
nimeianza na shimo.

Lushinge anasema nyumba huanza na msingi.
Namwambia shimo langu ni msingi wa msingi.
Anacheka, anarudi kuhesabu mifuko ya saruji.

Nyanzobe, fundi mitambo, alikuja na kipimajoto
kilichofungwa kamba ya nyavu.
Akakiteremsha kwenye kisima kikavu cha jirani, tukasubiri,
akakivuta: ishirini na nne na nusu.
Juu, kivulini, thelathini na moja.
“Tofauti hiyo ndiyo shamba lako,” akasema.
Nyuma ya kalenda ya mwaka jana akachora
bomba linaloingia ardhini na homa,
linajizungusha, linajizungusha,
linarudi limepoa.
Mimi nipimaye homa hadi alfajiri
sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Akaja Masalu na mtambo wake wa visima.
Bei kwa mita, nusu kabla.
Mita ya kwanza, udongo. Ya pili, changarawe.
Ya tatu, itale.
Meno ya chuma yakalia, yakalia, yakavunjika,
nalo jiwe likanyamaza kama mkwe.
Masalu akafuta jasho:
“Mama, hapa chini kuna Mwanza.”

Majirani walishajaa uani.
Mmoja, aliyewahi kufanya kazi machimboni Geita,
akaokota kipande, akakilamba, akakigeuza juani.
“Dhahabu?”
“Ubaridi.”
Akanitazama kama mgonjwa anayejiandikia ruhusa ya kwenda nyumbani.

Kesho yake, nikitoka zamu, nilipita kiwanjani peke yangu.
Mjusi kafiri, kichwa chekundu, kiwiliwili cha buluu,
alikuwa juu ya jiwe akiota jua.
Saa saba nikarudi: hayupo.
Nikainama. Kumbe yumo ufani, chini ya jiwe lilelile,
tumbo kalilaza juu ya baridi ya jana.
Hakutoboa mita sitini huyu.
Alijipenyeza ubavuni.

Nikampigia Nyanzobe: “Bomba tusilisimamishe. Tulilaze.”
Mtaro wa mita moja na nusu kwenda chini,
uzunguke mihogo, ukwepe choo, urudi.
Kimya. Nasikia kalamu yake.
“Inawezekana. Ila kiwanja ni kidogo.
Nyumba itabidi ijifunze kutaka kidogo.”

Basi tukaanza kuifundisha.
Dirisha la magharibi tukaliziba.
Baraza tukalipanua hadi kivuli kifike mlangoni.
Dari mbili, pumba za mpunga katikati.
Ukuta wa kioo alioutaka Lushinge, kama wa benki,
ulitugharimu siku mbili za kutosemezana.
Ya tatu nikakuta ameufuta mwenyewe,
alama ya kifutio ingali kwenye ramani.

Pampu haijaja. Pesa ya kikoba haijatimia.
Mtaro uko wazi, mvua hazijaanza.
Jana asubuhi nilishuka humo na kanga moja.
“Toka,” Lushinge akasema, “watu wataona kaburi.”
“Dakika tano tu.”

Anasema nilikoroma hadi adhuhuri.
Anasema hakuniamsha;
alikaa ukingoni, miguu ndani,
akavuta utepe wake wa kupimia,
kwa mara ya kwanza bila kubisha,
kutoka kichwani pangu
hadi pale chumba kitakapokuwa.