Punju

Jana nilizima jiko kwa maji ya kuoshea mchele,
nikayaacha makaa yapoe juu ya kigae
nyuma ya nyumba, penye mkungu.
Kurudi, hesabu haijai.

Si Vuai, yuko skuli.
Si Mwatima, ana gunia lake zima,
tena ananitambia.

Yuko juu ya banda la kuku, kakaa kitako.
Kidole gumba hana, lakini mkaa kaushika
kama mtu alivyoshika kipande cha muhogo.
Anatafuna, kr, kr,
masizi yamemjaa mdomoni,
nywele zimemsimama utosini kama katoka kulala.
Hata hanitazami.

Kima punju. Hapa Pete jina hilo tumelikuta.
Punju ni sumu,
na wakulima walisema mti anaolala yeye hukauka.

Sumu kweli anayo, ila si yake.
Tangu alfajiri yumo mkunguni
anachuma majani machanga, ananitupia vikonyo uani.
Vuai anasema wamesomeshwa:
jani halina miguu ya kukimbilia,
hujilinda kwa ukali wake;
na mkaa huufyonza ukali ule tumboni
kama mchanga unavyokunywa mafuta ya taa.

Sikubisha.
Mimba ya huyo huyo Vuai
niliulamba ukuta wa chumba hichi
mpaka baba yake akaupiga saruji.
Nani alinifundisha?

Kilichonikaa ni jambo jingine.
Mkaa nanunua kwa Machano,
na Machano tanuri lake liko maweni kule,
walikokuwa wakilala hawa kabla ya kuhamia kwetu.
Nilimuuliza miti gani. Akacheka:
"Mkaaga, mdaa, chochote kinachowaka, Mize.
Wewe wapika wali au wapika mti?"

Basi mti wake umekatwa, kaja kula wangu.
Wangu umemuuma tumbo.
Katafuta dawa, na dawa aliyoiona
ni ule ule mti wake,
umeungua, umepimwa kwa kopo,
umelipiwa kwa pesa zangu.

Leo nimeacha vipande vitatu juu ya kigae.
Vidogo. Na usidhani ni huruma:
humu mna deni,
nami nimekaa na kidaftari changu cha dukani
sijui nimwandike nani.

Wali umetoka na kiini.
Vuai kaula, hakusema kitu.
Juu ya banda, kr.

Kr.