Majani Saba

Kila Alhamisi, kabla jua halijapita bomba la moshi
la kiwanda kilichosahau kuyeyusha shaba,
mimi na Banza tunashusha mtumbwi wa bati
kwenye ziwa la mji, upande wa lambo,
na kutupa juu ya kijani fremu ya mabomba manne,
mita moja kwa mita moja.
Kilichomo tunakihesabu.
Kilicho nje tunakikadiria, na kukiogopa.

Miche arobaini na mitatu.
Makovu ya fukusi kwenye jani la pili: kumi na tisa.
Uzito, baada ya kuchuruzika: kilo ishirini na sita.
Banza anataja, mimi naandika
kwa kalamu ya risasi, maana wino hulia ukilowa.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na haraka.
Vijana wa Kamalondo, mapanga, reki;
wakavuta, wakakata, wakarundika ukingoni
mlima mzima unaonuka sombe iliyolala.
Tukapiga picha, tukala bukari, tukapeana mikono.
Mvua ya Novemba ikaisoma ripoti yetu
na kuurudisha mlima majini kwa usiku mmoja.
Kila kipande tulichokata kilikuwa mzazi.

Bwana mmoja wa ofisi alitandaza picha ya setilaiti,
akaweka kidole juu ya ziwa, akauliza:
“Uwanja huu wa mpira ni wa nani? Nyasi safi!”
Hatukucheka. Tuliomba fukusi wengine elfu mbili.
Tulipewa glovu.

Fukusi wana pua ndefu na hawana kiburi.
Hula usiku, kidogo kidogo,
wakiacha alama kama za kucha za mtoto.
Kazi yao haionekani kwa apitaye na gari.
Juzi jani lilikuwa limefupika kwa vidole viwili:
nilipigia mstari, mara mbili,
nikamnunulia Banza soda.
Lakini mbegu hulala topeni hata miaka ishirini
zikingoja jua liguse mahali pamoja tu,
na Banza meno tayari yanamwaga.

Jumamosi ni siku ya maharusi.
Honi kutoka kila komini, gauni limeshikwa juu ya tope,
mpiga picha anasema sogea, sogea, maua yaonekane.
Sitadanganya. Ni mazuri.
Katika petali ya juu kuna jicho la manjano
ndani ya buluu, kama unyoya wa tausi,
na hata mimi, ninayelipwa kulichukia,
huwa nageuza uso.

Jana nilifika Katuba gizani, umeme umekatika,
nikajikwaa kwenye beseni uani.
Nikawasha simu.
Lilikuwa linaelea, mashina yamevimba hewa,
ua moja limefunguka.

“Mujinga! Hili limetoka wapi?”
“Harusi ya dada Kapend, mama.
Kila msimamizi alipewa lake.
Si unalipenda? Kila siku unaliongelea.”

Kila msimamizi. Walikuwa kumi na wawili.
Mabeseni kumi na mawili: Ruashi, Kenya, Kisanga,
na hakuna mtaro katika mji huu
usioijua njia ya mto.

Ilikuwa kazi ndogo: kulitoa, kulianika juu ya bati
mpaka liwe karatasi.
Nilichuchumaa. Mkono haukwenda.
Nikaleta daftari badala yake, nikaandika kwa mwanga wa simu:
Katuba. Beseni moja. Mche mmoja.
Majani sita. Makovu, sifuri.
Nikalala vibaya.

Asubuhi, kabla ya chai, majani saba.

Nililichomoa, nikalitandaza juani, mizizi juu,
nyeusi, laini kama nywele za aliyetoka kuoga.
Kisha nikamwamsha binti yangu.
“Keti hapa. Nipe majina ya wasimamizi wote,
na avenyu wanazokaa.”
Alipiga miayo, akajikuna shingo.
Akaanza kutaja.
Mimi nikaandika.